Sikio na Mguu: Kwa Nini Mwenye Kusikia Kidogo Anaanguka Mara Nyingi



Wengine watashangaa. Watu wa kilimo, wale wanaofundisha mistari ya maharagi na mbolea ya majani, leo wanaingia katika mambo ya masikio? Tungewaachia waganga wa kituo cha afya, lakini jambo hili lilitukuta shambani, na ni shambani ndiyo linatupotezea watu.

Katika kikundi kimoja si mbali na Bunia kulikuwa mama mmoja, mkulima wa maharagi na muhogo, mwanashirika wa zamani. Misimu miwili mfululizo alikuwa anakaa nyuma kabisa wakati wa mafunzo. Tukimuuliza habari ya mbegu, anajibu habari ya palizi, na watu wanacheka. Kiisha akaacha kuja. Sisi tuliandika kwenye daftari letu: "Hana moyo wa kazi tena." Mvua za mwezi wa tatu zilipoanza, aliteleza kwenye njia ya mteremko akiwa amebeba beseni, mfupa wa paja ukavunjika. Tulipoenda kumsalimia, binti yake alituambia: "Mama hasikii tangu zamani. Na hii si mara ya kwanza, ni mara ya ine anaanguka."

Mara ya nne. Na sisi tulikuwa tunafika pale kila wiki mbili, tunahesabu mimea iliyoota na isiyoota. Tuliona dalili zote, tukazisoma kama uvivu. Ndiyo sababu ya somo hili.

Ndani ya sikio mna vyombo viwili

Watu wengi wanazani sikio ni la kusikia tu. Hapana. Nyuma ya kile tunachokiona inje, ndani ya mfupa wa kichwa, kuna chombo kidogo chenye sehemu mbili zilizoshikamana. Sehemu moja imejikunja kama ganda la konokono, hiyo ndiyo inasikia. Sehemu ya pili ina mirija mitatu iliyopinda, imejaa maji, pamoja na vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo sana vya chokaa. Hiyo haisikii kitu. Kazi yake ni kuambia akili kama kichwa kimeinama, kimegeuka, au mwili unaanza kwenda upande.

Wale waliopima nao mistari ya kontua wataelewa haraka. Tunatumia kile kipimo cha miti mitatu chenye umbo la A, na kamba inayoning'inia jiwe. Wengine wanatumia mpira wenye maji. Jiwe na maji vinatuonyesha wapi ni sawa na wapi ni mteremko. Basi, Mungu aliweka vyote viwili, jiwe na maji, ndani ya sikio la kila mtu. Na sehemu zote mbili, ile ya kusikia na ile ya mizani, zinafanya kazi kwa vinywele vidogo vya aina moja, vinavyooga katika maji ya namna moja. Ugonjwa, dawa au uzee ukiharibu upande mmoja, mara nyingi unagusa na upande wa pili. Vinywele hivyo vikikufa kwa mtu, havioti tena.

Hiyo ni njia ya kwanza ya sikio kufika kwenye mguu. Kuna nyingine.

Mtu anayetembea anasikia njia hata bila kujua. Anasikia mguu wake mwenyewe juu ya majani maji, changarawe inayoteremka, mbuzi anayekimbia nyuma. Anasikia pikipiki kabla ya kuiona. Hapa Bunia, mwenye kushuka kutoka Mudzipela kuelekea soko anajua motari hapunguzi mwendo, anapiga honi tu. Asiyesikia honi anashituka pikipiki ikiwa tayari karibu na kiuno, anaruka, na kuruka kwenyewe ndiko kunamwangusha. Shambani ni vile vile: watu wanakata mti, wanapiga kelele "unaanguka!", wote wanakimbia isipokuwa mmoja.

Na kuna jambo ambalo hatutaki kulizungusha. Kwenye bariere, hasa giza likianza, mtu akiambiwa "simama!" na asisimame, aliye na silaha hajui kama huyo ni kiziwi. Jamaa wenye mzee asiyesikia wasimwache apite peke yake saa hizo. Atembee na mtoto mkubwa au jirani, tena huyo wa kumsindikiza atangulie mbele na aseme mapema. Hii tunaiweka juu ya mashauri yote mengine ya somo hili.

Njia ya tatu ni akili yenyewe. Kusikia vibaya ni kazi. Mtu anayejikaza kushika maneno nusu nusu anatumia akili nyingi pale, na inayobaki kwa kuangalia miguu ni kidogo. Ni kama kikundi chenye watu wawili wa kulima shamba la watu kumi: ukiwatuma wote kwenye palizi, hakuna anayefukuza ndege. Ndiyo maana usimwongeleshe mzee asiyesikia wakati anavuka daraja la miti. Ngoja avuke.

Ya mwisho inakuja polepole. Asiyesikia anachoka kuchekwa. Anaacha mkutano, anaacha kanisa, anaacha soko, anabaki kwenye kiti mbele ya nyumba. Mguu usiotembea unapoteza nguvu. Siku anapolazimika kutembea, anaanguka. Mama yetu wa hapo juu alipitia njia hii, na kicheko cha mafunzo yetu kilikuwa ndani yake.

Wanaopima wamepata nini

Mwaka 2012 waganga wawili wa Marekani, Frank Lin na Luigi Ferrucci, walitangaza hesabu waliyofanya juu ya watu 2,017 wenye umri wa miaka 40 hadi 69. Kila mmoja alikuwa amepimwa masikio na kuulizwa kama ameanguka katika mwaka uliopita. Wale waliokuwa na upungufu mdogo tu wa kusikia, desibeli 25, walikuwa karibu mara 3 zaidi ya wenzao kati ya wale waliosema wameanguka. Na kila desibeli 10 zilipoongezeka, hatari iliongezeka tena, mara 1.4. Mutazame umri: 40 hadi 69. Hao ndio wanaolima.

Kabla yao, mwaka 2009, watafiti wa Finland walitazama wanawake 423 wenye miaka 63 hadi 76, wote mapacha. Waliokuwa wanasikia vibaya zaidi waliyumba zaidi hata wakiwa wamesimama tu, na walianguka mara nyingi zaidi.

Sasa tuseme kama watu wa shamba. Ukikuta mahindi yana majani ya njano na tena ni mafupi, usikimbilie kusema manjano ndiyo yamefupisha. Pengine vyote viwili vinatoka kwa udongo uliochoka. Kwa masikio ni hivyo pia: hesabu hizi zinaonyesha vitu viwili vinatembea pamoja, hazionyeshi kila mara kimoja kinazaa kingine. Lakini mkulima akiona majani ya njano hasubiri mashindano ya wataalamu, anaenda kutazama udongo. Ukiona mtu hasikii, tazama miguu yake. Ukiona mtu anaanguka anguka, mpime masikio.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema watu zaidi ya bilioni 1.5 ulimwenguni wana upungufu fulani wa kusikia, na watu wapatao 684,000 wanakufa kila mwaka kwa kuanguka, wengi zaidi katika inchi zisizo na mali nyingi. Kwetu anayekufa kwa kuanguka mara nyingi hafi siku ile. Anavunjika, anabaki kitandani, kifua kinamshika, na watu wanasema amekufa na kifua.

Kinachoharibu masikio hapa kwetu

Uzee ni wa kwanza, na hatuna dawa yake. Tutazame vingine.

Mashini ya kusagia. Vyama vyetu vingi vina mashini ya mazutu kwa muhogo na mahindi, na tunajivunia. Kipimo kinachofuatwa ni hiki: desibeli 85, mtu asizidishe saa 8 kwa siku. Kelele ikiongezeka desibeli 3 tu, muda unakatwa nusu. Kwa 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2, kwa 94 ni saa moja. Hamna kifaa cha kupima? Simameni hatua moja na mwenzako kando ya mashini. Kama lazima upaze sauti ili akusikie, mmefika 85 ama mmepita. Na kijana wetu wa mashini anasimama pale kutoka asubuhi hadi jioni, ndani ya kichumba cha mabati kinachorudisha kelele yote kwake. Jioni masikio yanalia "nziii". Akisema yamezoea, ajue sikio halizoei. Linakufa.

Hapa chama kinaweza kufanya kazi ya kweli, bila kungoja mradi. Bomba la moshi litoke inje, lipande juu ya paa, na kile chombo cha kupunguza sauti kisitolewe. (Tunajua kinatolewa, juu ya kusema injini inapata nguvu. Nguvu inayopatikana ni kidogo sana.) Mashini ikazwe boluti zake, ifungwe juu ya vipande vya mpira wa tairi. Ukuta mmoja wa kichumba uachwe wazi. Wanaongoja unga wakae mbali: mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, kelele inashuka karibu desibeli 6. Vijana wawili wapokezane. Na wavae vizibo vya masikio vya povu, vile vinavyofinywa na kusukumwa ndani. Pamba ya kawaida inazuia kidogo sana. Chama kikinunua mkanda wa mashini, kinunue na vizibo, viandikwe kwenye matumizi ya mashini, sivyo kwenye mfuko wa kijana.

Milio ya silaha. Vita vya 1999 hadi 2003, na tena yale yaliyoanza Djugu mwisho wa 2017, yamepitisha masikio mengi ya Ituri karibu na risasi na mabomu. Mlio mmoja wa bunduki karibu na sikio unapita desibeli 140, na mara moja inatosha kuharibu. Wengi wetu hapa wana sikio moja linalolia tangu wakati ule na hawajawahi kumwambia mtu, kwa sababu siku ile walipoteza vitu vikubwa zaidi ya sikio.

Sindano. Hapa tunaomba msome polepole. Kuna dawa za kuua vijidudu, streptomisini, kanamisini, jentamisini, zinazookoa maisha lakini zinaweza kuharibu ndani ya sikio. Streptomisini na jentamisini zinapenda zaidi ile sehemu ya mizani, kanamisini ile ya kusikia. Wagonjwa wa kifua kikuu waliorudia matibabu walikuwa wanapigwa streptomisini kila siku kwa miezi miwili. Tangu 2017 OMS imeacha kushauri utaratibu ule, na kwa kifua kikuu sugu dawa za kumeza zimechukua nafasi ya kanamisini. Lakini waliopigwa sindano zamani wako bado kati yetu. Utamtambua mtu wa namna hiyo hivi: mchana anatembea sawa, macho yanamsaidia. Jua likizama anayumba, anashika ukuta, anapanua miguu. Jirani wanasema amekunywa. Hajakunywa. Kile kipimo cha A ndani ya sikio lake kilivunjika, na giza limemnyima macho. Huyo anahitaji toshi na fimbo, sivyo masengenyo.

Msielewe vibaya: mtu asiache dawa ya kifua kikuu hata siku moja kwa kusoma karatasi hii. Ila masikio yakianza kulia au kizunguzungu kikianza katikati ya matibabu, amwambie munganga siku ile ile, kwa sababu dawa inaweza kubadilishwa mapema. Na ile tabia ya kununua jentamisini dukani na kupigwa na mtu wa kijiji kwa homa yoyote, tuiache. Kinini, ambayo kila mtu anaijua kwa kuziba masikio, ni nyepesi zaidi: mara nyingi kusikia kunarudi dozi ikiisha.

Zebaki. Wakulima wengi wanaenda kuchimba zahabu upande wa Mongbwalu wakati shamba limelala. Zebaki inayochomwa kwenye kikaango inaingia kwa pumzi na kupiga mishipa ya fahamu: mikono inatetemeka, mwendo unapotea. Zebaki ile ikiingia majini inageuka na kukaa ndani ya samaki. Kule Minamata, Japani, watu waliokula samaki wenye sumu hiyo katika miaka ya 1950 walipoteza mwendo na wengine kusikia. Anayechimba asichome zebaki ndani ya nyumba ama karibu na watoto.

Homa ya uti wa mgongo, usaha wa sikio wa utotoni usiotibiwa, na uchafu uliojaa tu: hivi munganga anavijua, na cha mwisho kinatoka kwa dakika chache. Msiingize kijiti, wala kifuniko cha biki, wala nyoya ya kuku.

Vipimo vitatu vya kufanya katika kikundi

Havitaki mashini. Kiongozi wa kikundi avifanye mara moja kabla ya msimu, na kwa watu wote, ili mzee asijione ametengwa.

Kipimo cha mnong'ono: simama nyuma ya mtu, umbali wa urefu wa mkono, ili asisome midomo. Yeye azibe sikio moja kwa kidole, akilisugua sugua. Toa pumzi, kiisha nong'ona tarakimu tatu, kwa mfano saba, mbili, tisa. Azirudie. Akikosa, jaribu tarakimu nyingine. Akikosa tena zaidi ya nusu, sikio lile lipelekwe kwa munganga. Kiisha sikio la pili.

Kusimama: aweke mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, kama mtu anayepima uwanja kwa nyayo. Mtu mwingine awe karibu kumshika. Kama hawezi kukaa hivyo sekunde 10, hatari ya kuanguka iko.

Kutembea: akae kwenye kiti, ainuke, atembee meta 3, ageuke, arudi, akae. Hesabu kwa telefone. Sekunde 12 ama zaidi ni alama ya kuangalia.

Mtu aliyeacha kusikia kwa ghafula, kwa siku moja au mbili, asingoje kipimo cha kikundi. Aende siku ile ile. Vilevile mwenye kizunguzungu kinachokuja pamoja na mdomo kwenda upande au mkono kukosa nguvu.

Kwa yule aliyekosa vipimo, kazi ya kwanza ni ya wengine. Akae mbele wakati wa mafunzo, upande wa sikio lake zuri, na mwalimu asiongee huku ameelekea shamba na mgongo kwa watu (sisi wenyewe tumelifanya mara nyingi). Kipimo cha dawa ya wadudu kionyeshwe kwa kifuniko chenyewe, kisitamkwe tu. "Moja" na "mbili" ukizisikia vibaya, ni shamba la mtu linaungua. Na anayerudia swali asichekwe.

Kazi ya pili ni ya miguu yake. Kila siku ainuke kwenye kiti mara kumi bila kusukuma kwa mikono, kama anaweza. Asimame mguu mmoja akishika nguzo ya nyumba. Watu wanasema mkulima hahitaji mazoezi, na kwa anayelima bado ni kweli nusu. Lakini aliyekaa miezi mitatu mbele ya nyumba si mkulima tena kwa mguu wake.

Ya tatu ni njia. Tunachimba mitaro ya kontua kwa kuokoa udongo, lakini njia ya kwenda shambani tunaiacha ishuke moja kwa moja kama mfereji. Ikatwe kwa kukingama mteremko, na pale penye ukali pachimbwe ngazi, kila ngazi ishikwe na gogo na vigingi viwili. Siku moja ya salongo inatosha kwa njia ya kikundi. Asiye na mizani abebe mara mbili mzigo mdogo kuliko mara moja mzigo mkubwa, na abakize mkono mmoja kwa fimbo.

Yule mama amerudi mwaka huu. Anatembea na fimbo na hafiki kwenye shamba la mteremko, kikundi kimempa sehemu ya bondeni karibu na njia. Siku ya kugawa mbegu alikaa mbele, akatukatiza mara tatu: "Rudilia, sikusikia." Mara ya tatu tulirudilia kwa watu wote, na wazee wengine wawili wakaandika kipimo upya kwenye makaratasi yao. Walikuwa wameandika vibaya.

Viongozi watuletee majina ya vikundi vilivyofanya vipimo kabla ya palizi ya kwanza, pamoja na hesabu tu ya watu waliokosa, bila majina yao. Toleo lijalo tutarudi kwa maharagi: namna ya kukausha na kuweka bila bubu.